Plasta ya Mzee Gaudensi

Mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Gaudensi ipo Kibaoni, karibu na soko. Zamani wateja walipanga foleni tangu asubuhi. Mzee alifariki kwa ajali ya pikipiki. Sasa mkewe, Theopista, anafungua mlango, anafagia pumba, anakaa. Watu wanapita na magunia yao kwenda mashine nyingine. Inaudhi kweli.

Siku moja alimsimamisha jirani yake, Kashinje.

"Mama Malale, mpunga wako unaupeleka wapi?"

Kashinje alitazama pembeni. "Usinichukie, mama Marta. Watu wanasema mashine ile inalishwa damu. Mzee alikuwa anaenda Mpanda, anarudi na plasta mkononi. Na kabla ya kuwasha mashine ananong'ona. Wanasema alikuwa frimasoni."

"Alikuwa anasali!" Theopista alifoka. "Nyie watu! Mpunga wa wajane na yatima aliukoboa bure. Huyo ndiye frimasoni?"

"Na plasta je?"

Theopista alishika ufagio, akarudi kufagia pumba. Yeye mwenyewe aliwahi kuuliza habari za ile plasta. Mumewe alicheka tu, akasema sadaka haitangazwi. Sasa naye alianza kumshuku. Shaka ikishaingia, hata marehemu haponi.

Wiki hiyo binti yake, Marta, alijifungua hospitalini Mpanda. Mtoto alikuwa salama, lakini Marta alivuja damu nyingi. Theopista alikwenda mbio. Kashinje alimsindikiza, maana jirani ni jirani hata akiwa na mdomo.

Nesi Specioza aliwapokea. "Marta tumemwekea damu ya akiba. Anahitaji nyingine, na akiba inakwisha. Nani atachangia?"

Theopista alirudi nyuma. "Damu? Mnampelekea nani? Mnaiuza?"

"Haiuzwi, mama. Inakwenda kwa wagonjwa." Nesi hakukasirika. "Kwanza tunakupima kama una afya na uzito wa kutosha. Sindano ni mpya, haitumiki mara ya pili. Damu nayo inapimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa. Mwili wako unatengeneza nyingine. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne."

Kisha akauliza, "Nyie si wa Kibaoni? Yule mzee wenu mwenye mashine mbona haonekani? Alikuwa hakosi. Sindano ikiingia, ananong'ona, 'Bwana, impate anayehitaji.' Tunambandika plasta, anakunywa soda, anaondoka."

Theopista alikaa chini na kulia. "Ni mume wangu, nesi. Amefariki. Na mimi nimemshuku kaburini."

 Kashinje akauliza kwa sauti ndogo, "Nesi, masika iliyopita mwanangu Malale aliishiwa damu kwa malaria. Mlimwekea hapahapa. Ilikuwa ya nani?"

"Hatusemi. Mara nyingi hata sisi hatujui. Ila haikudondoka toka juu, mama. Ilitoka kwenye mkono wa mtu."

Kashinje alikunja mkono wa gauni. "Anza na mimi."

Theopista alimfuata. Aliogopa, lakini aliona sindano ikifunguliwa mbele ya macho yake. Marta alipata damu ya kutosha, na baada ya siku chache alikuwa ananyonyesha.

Kashinje alirudi Kibaoni kesho yake. Alibeba gunia la mpunga kwa baiskeli, akapita nalo katikati ya soko. Watu waliona plasta wakaanza kunong'onezana.

"Semeni kwa sauti!" aliwaambia, mkono juu. "Nimebandikwa hospitalini. Mzee Gaudensi alikuwa anatoa damu ya kuokoa wagonjwa, sisi tukamchafua jina. Na mimi nilikuwa mbele kusema."

Theopista aliporudi na Marta na mjukuu, alikuta magunia yamepangwa mlangoni. Alipiga ishara ya msalaba. Akanong'ona maneno ya mumewe, kisha akawasha mashine.

Safari hii hakuna aliyeuliza anamnong'oneza nani.