Neno la Siri la Gasaro

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi Gasaro ndiye niliyefungua kabati la maktaba ya shule yetu hapa Kamembe. Nilitoa tableti kumi, nikazifuta vumbi, nikaangalia kama zina chaji. Vitabu vilivyomo tuliviazima kwenye maktaba ya mtandaoni, na vyote vilifunguka kwa neno moja la siri. Tuliolijua tulikuwa watatu tu: mimi, Mwalimu Donatien na Mwalimu Odette. Basi nilijiona mkubwa kweli!

Jumatano nilimkuta mwanafunzi mwenzangu Clarisse akichungulia nilipokuwa nikiliandika neno hilo. Nilikasirika mno, nikamfokea mbele ya wenzetu. Nikaingia kwenye akaunti ya shule, nikalibadilisha, wala sikumwambia mtu. Mahali pa dokezo, pale panapomkumbusha aliyesahau, nikaandika kwa kejeli: "Samaki wa Maman Clarisse." Mama yake huuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, sokoni.

Kesho yake Mwalimu Donatien alipakua hadithi mpya kwenye tableti tano. Alikuwa na haraka, hakujaribu kuifungua. Mwalimu Odette akapanda nazo pikipiki hadi Bweyeye, ambako watoto wa huko wangeisoma kwenye mashindano ya Ijumaa, saa nne asubuhi.

Ijumaa saa tatu na nusu, simu ya Mwalimu Donatien ikalia darasani, naye akaipokea kwa spika.

"Mwalimu, kitabu kinakataa!" Odette alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, tableti mkononi. "Vya zamani vinafunguka. Hiki kipya hakitaki neno letu, kinaniandikia samaki wa Maman Clarisse! Na batoto kumi na mbili bametembea tangu alfajiri. Saa nne ikipita, wanaondolewa!"

Darasa zima likamgeukia Clarisse.

"Clarisse, umefanya nini?" Mwalimu akauliza kwa ukali.

"Haki ya Mungu, Mwalimu, si mimi!" Akaanza kulia.

"Si yeye aliyekuwa anachungulia? Atolewe maktaba!" mtu akasema huko nyuma.

Nikinyamaza, Clarisse anafukuzwa maktaba bila kosa, na wale watoto wanarudi nyumbani wakilia. Nikisema, naaibika mbele ya wote. Simu ikaanza kukwaruza. "Allo? Allo? Mwalimu, unanisikia?"

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Mimi nimelibadilisha! Andika 'kilo mbili za sambaza'!"

Hata Clarisse aliacha kulia.

"Kimefunguka!" Odette akapiga kelele. "Nakimbia!" Simu ikakatika.

Mwalimu Donatien alikaa kwanza, akajifuta jasho.

"Gasaro, kitabu kilichopakuliwa zamani hubaki na kufuli lake la zamani. Kilichopakuliwa baada ya wewe kubadilisha kimekuja na kufuli jipya. Kubadilisha kufuli si kosa, mwanangu, hasa mtu akichungulia. Kosa ni kutowapa wenzako ufunguo, kisha kunyamaza huku mwingine akibeba lawama yako. Ukipewa siri ya watu wengi, si mali yako peke yako."

Nilimwomba Clarisse msamaha pale pale. Ufunguo wa kabati akapewa yeye kwa mwezi mzima. Mchana Mwalimu Odette akapiga simu: watoto wote walisoma.

Jumamosi nikaenda sokoni kwa mama yake, nikamweleza yote, hata ile kejeli. Aliniangalia weee! Kisha akanisogezea beseni.

"Kaa hapa unisaidie kuuza," akasema. "Na kila mteja akiuliza hawa ni samaki wa nani, umjibu kwa sauti."