Koome Anakula Mwenyewe

Koome alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na kofia yake, viatu vyake, na kijiko chake kikubwa.

Kijiko hicho alipewa siku ambayo Nkatha, dada yake mdogo, alianza kula uji. Kijiko kidogo kikaenda kwa Nkatha. Koome hakulia. Alilia kidogo tu.

Tangu siku hiyo, kila akiketi kula, alisema:
"Mimi ni mkubwa. Ninakula mwenyewe!"

Sasa walikuwa safarini. Baba aliendesha gari. Mama alisoma ramani. Nkatha alitafuna ramani.

Gruu, gruu, gruu. Walitoka Meru. Wakapita Isiolo. Wakapita Marsabit. Siku ya pili asubuhi wakavuka mpaka, wakaingia Ethiopia.

"Huku tunaendesha upande wa kulia," Mama alisema.
"Najua," Baba alisema.
"Kulia, Baba," Koome alisema.
"Najua!"

Ngamia wanne walikatiza barabara. Hawakutazama kulia wala kushoto.

Gruu, gruu, gruu... PSHHHH!

Gurudumu lilikuwa limepata pancha. Bahati nzuri, fundi alikuwa hapo hapo kando ya barabara. Aliitwa Girma. Masharubu yake yalikuwa makubwa. Kwao Koome hakuna mtu mwenye masharubu kama hayo, hata mjomba.

"Nitaziba," Girma alisema. "Kiswahili nakijua, nilikaa Moyale miaka saba. Lakini kwanza chakula. Mama yangu ameshawaona."
"Na gari?" Baba aliuliza.
"Gari halina njaa."

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana. Mama yake Girma aliitwa Nyanya Yeshi. Alijua maneno matatu tu ya Kiswahili: karibu, kula, na bado.

"Karibu!" Nyanya Yeshi alisema.

Wakanawa mikono. Chwaa, chwaa. Sinia moja kubwa ikaletwa. Juu yake kulikuwa na kitu kipana, laini, chenye vishimo vingi. Koome alidhani ni kitambaa cha meza. Baba pia alidhani ni kitambaa cha meza, ila alinyamaza.

"Hiyo ni injera," Girma alisema. "Unaimega kama chapati, unachotea dengu hizi zilizo juu yake."

Koome alitoa kijiko chake mfukoni. Akakipangusa kwa shati.
"Mimi ni mkubwa. Ninakula mwenyewe!"

Nyanya Yeshi alikitazama kijiko. Akamega injera. Akachota dengu. Akaviringa tonge zuri la mviringo, akalileta mpaka mdomoni kwa Koome.
"Kula," alisema.

Koome akafunga mdomo. Mmm!

Kulishwa? Kama Nkatha? Akifungua mdomo, atavalishwa kitambaa cha kifuani. Kisha kijiko kikubwa kitachukuliwa. Kisha ataletewa uji. Koome aliogopa kweli kweli.

"Nimeshiba," alisema.
Tumbo lake likasema, nguruu.
"Bado," Nyanya Yeshi alisema.

Koome akafunga mdomo tena. Mmm!

Mkono wa Nyanya Yeshi ukashuka polepole. Tabasamu lake likashuka nao. Koome akajisikia vibaya. Lakini mdomo hakuufungua.

Girma akainama, na masharubu yake yote. Akafungua mdomo. Aaa.
Nyanya Yeshi akamlisha. Ham!

Kisha akamlisha Mama. Ham!

Girma naye akamlisha Baba. Ham! Pilipili ilimtoa Baba machozi. Hakuna aliyemvalisha kitambaa cha kifuani.

Koome alitazama haya yote.
"Girma, una miaka mingapi?" aliuliza.
"Arobaini na mmoja."
"Na unalishwa?"
"Kila siku," Girma alisema. "Huku anayekupenda anakulisha kwa mkono wake. Tunaita gursha. Mtoto analishwa. Mkubwa analishwa. Mgeni analishwa zaidi."

Koome akafikiri. Akaweka kijiko chini, lakini karibu.

Akamgeukia Nyanya Yeshi. Akafungua mdomo. Aaa.

Ham! Ilikuwa chachu. Kisha ikawa kali. Kisha ikawa tamu. Mashavu yote mawili yalijaa.

"Bado," Nyanya Yeshi alisema, akiviringa tonge kubwa kuliko la kwanza.

Koome naye akamega injera. Akachota dengu. Akaviringa. Dengu nyingi zilianguka kwenye suruali ya Baba. Zilizobaki Koome alizipeleka juu, juu, juu.
"Kula, Nyanya."

Aaa. Ham!

Nyanya Yeshi alicheka mpaka shali ikamwanguka. Akamkumbatia Koome. Alinukia kahawa na moshi. Koome alimpenda.

Girma akaziba pancha. Wakaagana mara tatu, kwa sababu Nyanya Yeshi alizidi kuleta injera ya njiani. Gruu, gruu, gruu.

Jioni wakafika kwenye nyumba ya wageni. Baba alikuwa amechoka. Alikuwa ameendesha upande wa kulia siku nzima. Alikaa mbele ya injera ya Nyanya Yeshi, macho ameyafumba.

Koome akamega. Akaviringa.
"Kula, Baba."
"Ah, Koome. Mimi ni mkubwa. Ninakula mwenyewe."

Mkono wa Koome ulibaki palepale.
"Nimeshiba," Baba alisema.
"Bado," Koome alisema.

Baba akafungua jicho moja. Kisha mdomo. Aaa. Ham! Na baada ya hapo akala sana.

Koome akapanda kitandani. Kijiko akakiweka chini ya mto.

Nkatha akaja akitambaa, na biskuti mkononi. Biskuti ilikuwa nusu. Ilikuwa imelowa mate. Akaiinua mpaka mdomoni kwa Koome.

Koome aliitazama biskuti. Akamtazama Nkatha.

Akafungua mdomo. Aaa.

Ham.

Kisha akalala.