Kapasita Iliyogeuzwa Mchana

Jumatatu tarehe 18 Aprili 1983, saa nane mchana, fundi redio Zahoro Makame alifungua duka lake Tunduma akakuta kapasita moja imegeuzwa.

Kifaa hicho kidogo cha kutuliza umeme alikuwa amekilehemu mwenyewe asubuhi. Saa saba, jenereta ya mashine ya kusaga, iliyompa naye umeme, ilipozimwa, alifunga mlango akaenda kuswali na kula. Sasa mguu uliokuwa kushoto ulikuwa kulia, na lehemu yake ilikuwa safi, ya mtu anayejua kazi. Makaa ya jiko yalikuwa yamekufa. Chuma cha kulehemu kilicholala juu yake kilimuunguza vidole.

Kazi ilikuwa ya amplifaya kuukuu ya gitaa, mali ya bendi moja ya Mbozi. Valvu zake nne, zile taa za kioo za kukuza sauti, zilikwisha kufa. Lusubilo, kiongozi wa bendi na mkuu wa mgambo wa mtaa, alipata nyingine kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na hakuna aliyemuuliza zimepitaje. Zilikuwa kali kuliko za zamani. Zilihitaji kuzuiwa na volti hasi, kama punda anavyozuiwa kwa hatamu; zikiachiwa huiva nyekundu na kuunguza transfoma. Transfoma ya namna ile haikupatikana tena upande wowote wa mpaka.

Zahoro alibuni mwenyewe njia ya kupata volti hizo. Alivuta umeme kidogo kwenye transfoma, akaweka dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kinyume na ilivyozoeleka, kapasita ya kuutuliza, na rezista ya kurekebisha. Kwa kuwa volti ni hasi, upande wa chanya wa kapasita ndio unaokaa kwenye chesisi, lile bati la chuma linalobeba kila kitu. Ikigeuzwa itachemka na kupasuka, na hatamu itakuwa imekatika.

Alimshuku mwenzake, Danford. Danford, Mnyiha wa miaka thelathini na minne, alifundishwa kazi katika duka lile lile na mzee Osea, mwenye duka, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kanuni ya mzee ilikuwa moja: hasi hukaa kwenye chesisi. Kwa redio alizotengeneza maisha yake yote, ilikuwa kweli. Asubuhi ile Danford aliitazama kazi ya Zahoro akacheka.

"Huko kwenu Pemba, bwana Zahoro, labda hata nyumba mnaanza na paa."

Zahoro aliirudisha kapasita. Jumanne mchana ikageuzwa tena. Danford, ambaye naye alikuwa na ufunguo, alisema alikuwa amelala nyumbani. Hakuwa na shahidi. Jumatano asubuhi Zahoro alimweleza Lusubilo, na alijuta kabla hajamaliza kusema. Ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi, na neno hujuma lilikuwa limekwisha kumtoka. Mgambo walimfungia Danford katika stoo ya mahindi. Ijumaa lori lingempeleka Mbeya. Alikuwa na mke na watoto watatu.

Mchana wa Jumatano hiyo hiyo, Danford akiwa ndani, kapasita iligeuzwa.

Zahoro hakurudi kwa Lusubilo. Sasa alimshuku Loisi, mjane wa Osea, aliyemkodisha duka na kubaki na ufunguo wa tatu. Alhamisi saa saba alimwomba akae naye humo ndani, mahali ambapo angeiona mikono yake. Loisi alielewa. Aliweka mikono juu ya magoti, akaiacha hapo.

Walifunga mlango. Zahoro akalimwagia jiko maji. Walisubiri nusu saa.

Kwanza ilikuja harufu ya ugoro. Kisha kigoda kilichokuwa chini ya meza kikavutwa taratibu, kwa namna ya mtu mzito anayejua kigoda chake kilipo. Kisha kopo la bati likagongwa mara mbili mahali pasipokuwa na kopo, na chuma cha kulehemu, kilicholala kwenye makaa yaliyolowa, kikaanza kutoa moshi mwembamba, na lehemu kwenye mguu wa kapasita ikalainika, ikawa tone, na mguu ukanyanyuka wenyewe, bila haraka, huku pumzi za mtu mwenye maradhi ya kifua zikisikika juu ya meza, karibu sana na uso wa Zahoro.

"Mara mbili," Loisi alinong'ona. "Alikuwa anagonga mara mbili kabla ya kunusa."

Zahoro alisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho. Kapasita iliendelea kugeuka.

"Usimfukuze," Loisi alisema. "Anaona umekosea. Mweleze."

"Nimweleze nani, mama?"

"Fundi mwenzako."

Zahoro alitoa shikamoo. Alieleza kwamba hii si redio, kwamba volti hizi ni hasi na kwa hiyo chesisi ndiyo chanya yake. Alionyesha dayodi kwa kidole, akataja valvu na transfoma.

"Na Danford wako yuko stoo, mzee," alisema. "Amefungwa kwa kazi ya mkono wako."

Mguu wa kapasita ulibaki hewani. Kisha ulishuka pale Zahoro alipokuwa ameuweka asubuhi. Chuma kikalazwa.

Jioni ile Zahoro alimwambia Lusubilo aandike kwamba fundi alikosea mwenyewe.

"Siku mbili mfululizo?" Lusubilo aliuliza.

"Siku mbili."

"Na nikupe kazi tena?"

"Usinipe."

Lusubilo aliandika. Danford alitolewa Ijumaa asubuhi, akauweka ufunguo wake mezani bila salamu, akaondoka na familia yake kwenda kwa wajomba zake Ikinga. Jumamosi amplifaya iliwashwa kwa saa tatu. Volti zilisimama kwenye hasi arobaini na moja. Valvu hazikuiva. Loisi naye alileta ufunguo wake.

Jumatatu tarehe 25 Aprili, saa mbili asubuhi, Zahoro alifungua duka akiwa na funguo zote tatu mfukoni. Rafuni kulikuwa na redio kumi na moja za wateja. Alizifungua moja baada ya nyingine mbele ya Loisi. Kapasita kubwa za redio zote kumi na moja zilikuwa zimegeuzwa, chanya kwenye chesisi, kama mzee alivyoelezwa.