Nakala ya Ngalula

"Edmond, umesimama wapi?"

"Kwa jibu, Mwalimu."

"Jibu gani?"

"Ile ya kwanza nilipata."

Amédée Kyungu alifunga rejista kwa kishindo, vumbi likaruka, karani mmoja wa mbele akapiga chafya.

"Wiki saba! Wiki saba ninasema kintu kimoja! Ukipata hukumu ya kwanza, kazi njo inaanza. Unauliza nini?"

Makarani watano wakajibu kwa uchovu: "Nani tena? Wapi tena? Kisha?"

"Munajua kuimba. Kutafuta, hapana."

Ilikuwa mwaka 1954, Jumatatu, saa kumi alasiri, katika chumba cha nyuma cha tribunali, mahakama ya wenyeji mjini Kamina. Amédée alikuwa karani mkuu hapo. Alikuwa amekabidhiwa makarani watano kutoka mabaraza ya machifu awafundishe kazi ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha. Kuandika walijua. Kutafuta ndiko kulikowashinda: kuifuata kesi toka baraza hadi baraza, kitabu hadi kitabu, mpaka ujue bila shaka neno la mwisho lilikuwa lipi. Amédée aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Wanafunzi wake, kusema kweli, walimtoa roho.

Na aliyemtoa roho kuliko wote ni huyo Edmond Kapenda, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa mjumbe wa baraza miaka ishirini kabla ya kushika kalamu. Mstari mmoja alikuwa akiuandika kwa muda wa kupika bukari, ugali wa huko.

"Na ukipata hukumu ya mwisho," Amédée akaendelea, "nakala ya kwanza unapelekea nani? Edmond?"

"Chifu?"

"Hapana!"

"Weye, Mwalimu?"

"Hapana, Edmond, hapana! Mwenyewe! Muntu mwenye kesi! Karatasi ya muntu inafika kwanza kwa mukono yake. Andika!"

Edmond akaandika, polepole, huku ametoa ncha ya ulimi.

Wakati huohuo mpishi wa misioni akaingia na kikaratasi kutoka kwa Padri: "Amédée, mwanangu, kuja upesi. Kuna mtu ameleta karatasi juu ya Ngalula."

Ngalula alikuwa mchumba wake. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani mara mbili, na Jumapili hiyo lingesomwa la tatu. Amédée alichukua kofia yake, akaacha kila kitu mezani, hata funguo za ofisi.

Misioni alimkuta Padri na mwanamume mmoja mnene aliyevaa koti zito kwenye joto lote lile.

"Huyu ni Banza," Padri akasema. "Anasema Ngalula ni mke wake."

"Sisemi minyi," Banza akajibu, akiweka karatasi mezani. "Tribunali njo inasema. Soma, Bwana Karani. Weye unajua kusoma."

Amédée alisoma. Mwaka 1949, baraza moja la upande wa Bukama: Banza dhidi ya Ngalula. Mwanamke arudi kwa mumewe. Muhuri ulikuwepo, na sahihi pia.

"Bila karatasi nyingine ya kuishinda hii," Padri akasema, "Jumapili sisomi tangazo. Samahani, mwanangu."

Amédée hakumwamini Banza. Akarudi ofisini karibu mbio, akatoa kitabu cha nakala za mabaraza ya jirani, akafungua herufi N. Ngalula alikuwepo. Mwaka 1949, hukumu ileile, neno kwa neno.

Akafunga kitabu. Mwalimu wa "Nani tena? Wapi tena? Kisha?" hakuuliza hata swali moja. Funguo akaziacha tena mezani, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Ngalula.

Ngalula alikuwa barazani na cherehani yake, akishona gauni lake mwenyewe la harusi. Alizaliwa Kasai, akalelewa Bukama na mjomba wake Tshilumba, aliyekuwa mfanyabiashara wa samaki. Mjomba alipokufa akahamia Kamina, na sasa mabibi wote wa mji walijua mshono wake.

"Banza ni nani?" Amédée akauliza hata kabla ya kusalimia.

Cherehani ikasimama.

"Muntu balinipa kwake anioe nikiwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ananipiga. Nilikimbia. Nilikuambiaka, Amédée."

"Uliniambia kesi ilikwisha!"

"Ilikwisha."

"Nimesoma hukumu! Iko na muhuri! Inasema urudi kwa bwana yako!"

"Ile ni ya mbele, ya kwanza. Kisha muyomba Tshilumba alipeleka kesi tena, kwa tribunali ya juu. Yeye njo alisema, minyi nilikuwa nje, chini ya dirisha. Akatoka, akaniambia: mutoto, uko huru. Tukaenda nyumbani, tukakula."

"Karatasi iko wapi?"

"Sijue. Muyomba alikufa. Karatasi za muyomba bajukuu balifungia samaki."

"Basi haiko."

Ngalula akamtazama. Hakuwa na haraka.

"Kama ile karatasi imekuliwa na muchwa, Amédée, minyi ni muongo?"

"Minyi ni muntu wa tribunali. Nitaamini nini? Maneno?"

"Yangu. Ungeamini yangu."

Kikohozi kikasikika. Edmond alikuwa amesimama kwenye ngazi, funguo mkononi, hajui aweke wapi macho.

"Ulisahau funguo, Mwalimu."

"Tangu saa ngapi uko hapo?"

"Tangu... muyomba."

"Rudi kwenu!"

Edmond akaweka funguo kwenye ngazi, akaondoka polepole kama kawaida yake. Amédée naye akaondoka bila kuaga. Nyuma yake hakusikia cherehani ikianza tena, na hilo lilimuumiza kuliko maneno.

Asubuhi ya Jumanne alikuta barua chini ya mlango wa ofisi.

"Bwana Karani, gauni nimelifumua. Kitambaa ni kizuri, nitamshonea muntu mwingine. Weye unafundisha bantu kutafuta. Juu yangu ulitafuta dakika ngapi? Ngalula."

Aliisoma mara nne. Kisha akaingia darasani, akakuta makarani wanne tu.

"Edmond iko wapi?"

"Hatujui, Mwalimu. Tangu jana magaribi hatumuoni."

"Vizuri! Vizuri sana! Muntu muzima anatoroka masomo!"

Kwa hasira akaketi palepale, akaandika ripoti: Kapenda Edmond, mvivu, mzito, arudishwe kwao. Aliona raha kidogo kuandika neno mzito. Raha yenyewe haikufika mchana.

Jumatano aliwapa zoezi: wamtafute mwanamke fulani aliyeachika mwaka 1946. Baada ya saa nzima, karani Kisimba akainua mkono.

"Mwalimu, haiko."

"Umetafuta kwa jina gani?"

"Ya mwanamuke."

"Kisimba! Mwaka ile, mwanamuke gani aliitwa kwa jina yake mbele ya tribunali kama yeye njo analeta kesi? Anasemewa na baba! Na muyomba! Kama unatafuta yeye tu, utapata siku alishitakiwa. Siku alishinda, hautapata!"

Akabaki amesimama na chaki mkononi, uso umemshuka. Siku alishinda, hautapata. *Yeye njo alisema, minyi nilikuwa nje.* Ngalula alikuwa amempa kila kitu: mtu, mahali, na kilichofuata. Alikuwa amejibu maswali yote matatu kabla hajaulizwa, naye alikuwa akipiga kelele.

"Mwalimu, uko mugonjwa?"

"Minyi ni mupumbavu, Kisimba. Andikeni hiyo, ama musiandike. Mwende nyumbani."

Kesho yake asubuhi alikuwa stesheni na mfuko wa nguo, akingoja treni ya Bukama. Mpango ulikuwa wazi: vitabu vya tribunali ya juu viko kule, angetafuta jina la Tshilumba, angepata hukumu, angerudi Jumamosi na nakala mkononi. Angeiweka mbele ya Ngalula. Angesema...

Angesema nini?

"Nimekuletea ushahidi, sasa nakuamini"?

Treni ikaingia. Watu wakasukumana na vikapu vyao. Amédée akaweka mguu kwenye ngazi ya behewa, na swali la mchwa likamrudia. Akifika kwa Ngalula na karatasi, basi amemjibu: ndiyo, bila karatasi wewe ni mwongo.

"Bwana, panda ama toka!" mama mmoja akamsukuma. "Tunachelewa!"

Akatoka.

Ngalula alikuwa barazani akishona upindo wa suruali ya mtu. Alimwona akija na mfuko, akaendelea na kazi.

"Unasafiri?"

"Nilikuwa ninasafiri. Bukama."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta karatasi. Nilifika stesheni, nimerudi."

"Uko nayo?"

"Hapana. Sina kintu." Akatua mfuko chini, akavua kofia. "Ngalula, nimekosa. Ulisema kesi ilikwisha, basi ilikwisha. Nimekuja kusema hiyo mbele ya kutafuta, si kisha."

Sindano ikapanda na kushuka.

"Na Padri?"

"Padri anataka karatasi, nitatafuta juu ya Padri. Nikikosa, nitangoja mupaka azeeke. Si juu yangu. Minyi nimemaliza kuuliza."

"Na bantu bakisema karani mukubwa ameoa bibi ya muntu?"

"Bataniambia minyi, kwa macho. Na minyi nitabajibu."

"Ulinipigia kelele, Amédée. Mbele ya muntu."

"Nilikupigia kelele."

"Hata mbwa ya jirani alikimbia."

"Nitamuomba musamaha naye."

Ngalula hakutaka kucheka. Kicheko kilimponyoka kidogo puani, akakirudisha. Kisha akageuza kichwa kuelekea ndani.

"Edmond! Toka, ndugu yangu."

Edmond Kapenda akatoka, shavu limejaa, tonge la bukari mkononi na harufu ya samaki wa kukaushwa ikimfuata. Amédée akarudi nyuma hatua moja.

"Weye! Nimeandika ripoti juu yako!"

"Najua, Mwalimu. Kisimba aliniambia." Akameza. "Nilikuwa Bukama. Bibi alisema muyomba njo alisema, basi nilitafuta muyomba. Siku mbili. Minyi ninasoma polepole."

Ngalula akafungua kisanduku cha nyuzi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Mwaka 1950," Edmond akasema. "Tshilumba na Banza. Ile hukumu ya mbele imevunjwa, bibi iko huru. Na chini kuna alama ya kidole ya Banza. Alikuwa amekaa palepale, alijua yote. Alisikia tu bibi anaolewa na karani, roho ikamuuma."

"Ulifika lini?"

"Jana usiku."

"Jana!" Hasira zote za wiki saba zikampanda Amédée. "Jana, na minyi ninakufa na mawazo! Juu ya nini haukuniletea?"

Edmond akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mwanafunzi anayeogopa kwamba safari hii tena amekosea.

"Mwalimu, uliniandikisha. Nakala ya kwanza inafika kwa mwenyewe."

Amédée akaizungusha kofia mkononi.

"Minyi njo nilimwambia anyamaze," Ngalula akasema. "Nilitaka kuona utakuja na nini kwa mukono."

Amédée akatazama mikono yake. Kofia tu. Machozi yakamlengalenga, akajifanya anafuta jasho. Kisha, kwa mazoea, akaunyosha mkono kuichukua karatasi.

"Nione."

Ngalula akaiondoa, akairudisha kisandukuni, akafunika.

"Hii utasoma kesho kwa Padri, na Banza akiwa mbele yako. Leo, kaa chini. Samaki inapoa."

Amédée akanawa mikono. Chini ya meza ya cherehani aliona kitambaa cheupe, vipande vyake vimekwisha kuunganishwa upya kwa uzi wa muda hadi kiunoni. Hakuuliza kazi hiyo ilianza jana au leo. Akaketi kando ya Edmond, akamega tonge.