Mtangazaji Ndani ya Barracuda

Verlin Stroud alikwenda kuchukua gari la Mama Opal jua likizama. Si kwamba mchana alikuwa na shughuli. Mchana majirani wanaona.

Ilikuwa Novemba, mahindi yamekwisha kuvunwa, na mashamba yote ya kusini mwa Ohio yamebaki mabua matupu. Verlin aliendesha pikapu yake taratibu, tela tupu likigongagonga nyuma, huku akijipangia uongo kama mchungaji anavyojipangia mahubiri. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima na mdomo ambao ungeweza kumuuzia samaki maji. Watu walimpenda, na kupendwa ndiko kulikomlisha.

Enzi za ujana wake, Barracuda lilikuwa gari la vijana wapanga makopo dukani. Ulifanya kazi likizo mbili, ukanunua, ukaligonga kwenye mti, ukatafuta jingine. Sasa madaktari wa meno walikuwa wakiyagombania mnadani kama watoto wanaogombania ukoko. Gari ambalo baba yake Verlin alilibadilisha kwa trekta bovu, leo lingenunua nyumba, na chenji ikabaki ya kuezekea banda. Verlin aliishi humo katikati, baina ya wajane wasiojua bei na madaktari wasiojua kubembeleza wajane.

Mama Opal Hatcher alikuwa akimngoja mlangoni mwa banda, kikongwe mwembamba, sweta la marehemu mumewe likimfika magotini. Ndiye aliyemfundisha Verlin mafundisho ya Jumapili utotoni. Ndiye aliyemletea chakula wiki nzima alipofiwa na mama yake.

"Umechelewa, mwanangu."

"Pikapu hii, Mama Opal. Na kitambi hiki. Kila kilima tunakipanda kwa maombi."

Bibi akacheka, akasukuma mlango.

Lilikuwa pale. Barracuda la mwaka 1970, zambarau, limefunikwa vumbi kama keki iliyosahauliwa. Harufu ya panya. Harufu ya oili. Na harufu ya tumbaku ya kiko…

Tumbaku mbichi, ya leo hii.

"Emmett alikuwa akikaa humo kila jioni," Mama Opal alisema chini chini. "Anasikiliza mpira wa besiboli redioni. Mimi sikutaka makelele ndani ya nyumba."

Mzee Emmett, mumewe, alikuwa amezikwa miaka mingi iliyopita. Verlin aliamua kwamba pua ya mtu wa makamo si ushahidi, akajilaza chini na tochi yake. Namba ya injini na namba ya bodi zilikuwa ndugu wa tumbo moja: injini ya asili, bei ya juu kabisa. Alipotoka chini ya gari, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuona maiti.

"Pole, mama. Injini si yake ya asili. Ilishabadilishwa."

"Ala! Kumbe."

"Halafu bei zimeporomoka. Vijana wanataka ya umeme. Haya machuma yanakula mafuta kama mjomba wangu anavyokula bia."

Bibi alivuta mkono wa sweta, akainama kufuta boneti. "Basi angalau nilipanguse, lisiondoke na aibu…"

"Usiguse!"

Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. Katika biashara yake, vumbi la bandani halifutwi. Matajiri hulilipia vumbi lenyewe, kwamba gari halijaonwa na mtu tangu enzi. Lakini ni nani analinda vumbi la chuma chakavu?

"Nakuhofia kifua, mama," alisema. "Vumbi hili… kifua chako."

Mama Opal alimtazama kidogo. "Kifua changu," alisema. "Ahsante, mwanangu."

"Nalichukua nilitunze mwenyewe. Kwa kumkumbuka mzee." Daktari wa Columbus alikuwa ameshampigia simu mara mbili.

Akampa dola elfu nne, za kununua labda milango ya gari lile. Bibi alizishika bila kuzihesabu, akamwekea sahihi hati. Verlin alifungua boneti kuangalia betri, akakuta kisanduku kitupu kilicholiwa na kutu. Akafunga kebo ya winchi, mashine ya kulivuta gari hadi juu ya tela. Hata hakuiwasha. Gari lilianza kubingirika lenyewe, kimya, matairi yamelala bila upepo, likapanda tela kama ng'ombe anayejua zizi lake.

"Mteremko," Verlin alijiambia. Sakafu ya banda ilikuwa tambarare kama meza.

Alipokwisha kukaza mikanda na kuingia kwenye pikapu, Mama Opal alimsogelea dirishani. "Verlin. Hayo uliyoniambia ni kweli tupu?"

"Kama Mungu alivyo juu, mama."

Bibi alifumba macho. Mabega yakamshuka, kama ya mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

*

Giza lilimkuta njiani. Mwanzoni ilikuwa sauti ya upepo kwenye mikanda. Sssss… Halafu upepo ukapata mawimbi. Ukapanda, ukashuka. Verlin alinyoosha mkono azime redio ya pikapu.

Ilikuwa imezimwa.

Zile zilikuwa sauti za watu. Umati wa uwanjani, wengi mno, unavuma kabla mpira haujarushwa. Na Novemba hakuna besiboli. Msimu umekwisha, wachezaji wako kwao wananenepa.

Aliingia kituo cha mafuta kama mtu anayeingia kanisani kukimbia mvua. Luanne, mwenye zamu, alitoka na sigara yake, koti mabegani.

"Verlin! Leo umemnyonyoa nani?"

"Mimi? Mimi ni mfadhili wa wajane, dada."

"Mfadhili, eti! Sasa mfadhili, mbona umemwacha mzee wa watu huko juu na baridi hii?"

"Mzee yupi?"

"Huyo ndani ya gari. Nimempungia mkono, kanikazia macho tu."

Verlin aligeuka polepole. Kioo cha Barracuda kilikuwa vumbi tupu. Alipanda tela, magoti yakilalamika, akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea katikati, na alipokuwa akikitazama… kikainuka taratibu, kama mtu amesimama kumpisha.

Mwanga wa manjano ukawaka kwenye dashibodi. Redio. Gari lisilo na betri.

"…na karibuni tena, wasikilizaji wetu wapenzi," ilisema sauti nene, ya kizamani, yenye furaha. "Jioni nzuri kabisa. Uwanja umejaa, watu elfu arobaini. Na anayeingia kupiga ni Stroud. Anatoka chini ya gari. Anajipangusa magoti. Anavaa uso wa msiba, mabibi na mabwana, uso mzuri sana! Anamtazama mama aliyemlisha… 'Injini si yake ya asili.' Amekosa! Kosa la kwanza!"

Umati ukalipuka kwa kicheko.

Verlin alivuta kitufe cha redio. Kikang'oka mkononi mwake kama jino bovu.

"Anajiweka sawa. Analamba midomo. 'Bei zimeporomoka, mama'… la pili! Oh, bibi anataka kufuta vumbi, Stroud anaruka! Kitambi kinaruka baada yake! Tazameni hicho kitambi, jamani!"

Watu elfu arobaini walicheka kitambi cha Verlin Stroud. Naye, aliyekuwa akikicheka mwenyewe kila siku ili wengine wasimtangulie, alijikuta akikifunika kwa mikono miwili.

"'Nalichukua nilitunze mwenyewe. Kwa kumkumbuka mzee.' La tatuuu! Ametoka! Ametoka!"

Mwanga ukazimika. Kule Marekani hata mtoto anajua: mpigaji akikosa mara tatu, anarudi kukaa, kichwa chini, watu wakimtazama. Ila Verlin hakuwa na pa kurudi kukaa. Aligeuka.

Luanne alikuwa amesimama pale chini. Sigara ilikuwa imemdondoka. Alikuwa amesikia yote.

Hakuwa akilitazama gari.

Alikuwa akimtazama yeye.

"Verlin," alinong'ona. "Ni Mama Opal?"

*

Taa ya barazani ilikuwa ikiwaka aliporudi. Mama Opal alikuwa kwenye kiti cha bembea, blanketi miguuni. Alipoona tela likikata kona, alisimama wima kama msichana.

"Liache barabarani! Usivuke nalo geti, Verlin, nakusihi!"

Akaliacha. Alitembea kwa mguu hadi ngazini, kofia mkononi.

"Mama, nimekudanganya. Injini ni yake. Bei ni ya nyumba. Nina mnunuzi tayari. Nimekuja…"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Yote. Bei naijua kuliko wewe. Keti, mwanangu, utaanguka."

Hakuketi.

"Walikuja watatu kabla yako," bibi alisema, sauti yake ndogo kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Watu waungwana. Kila mmoja akanitajia bei ya haki. Na kila mmoja, kebo ya winchi ikakatika. Walileta trekta, mnyororo ukakatika. Halitoki na mtu mkweli, Verlin. Halina cha kumtangazia."

Kutoka barabarani, mbali, umati ulivuma kidogo… ukatulia.

"Emmett alilinunua kwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Mwanawe alikuwa amekufa vitani Vietnam. Emmett akamwambia ni chuma chakavu, akampa pesa ya viatu. Tangu siku hiyo akawa anakaa humo kila jioni. Mimi mjinga nilidhani anasikiliza mpira." Alijifunika blanketi vizuri. "Alikuwa akijisikiliza mwenyewe. Mpaka akafa. Alipokufa, sauti hiyo ikahamia kwangu. Kila jioni, hata nikiwa jikoni. Mimi dhambi zangu ni za kikongwe, mwanangu. Nimewaambia watu keki zao tamu. Nimesema naumwa nisiende kwenye mkutano wa akina mama. Lakini watu elfu arobaini wakikucheka kwa keki, kila jioni…"

"Ni nani huyo? Anayetangaza?"

"Nilimuuliza mara moja." Alitikisa kichwa. "Alijua jina langu la utotoni. Sikuuliza tena."

Verlin alikuwa na swali moja, na hakutaka jibu lake, na lilimtoka hata hivyo.

"Kwa nini mimi, mama?"

Bibi alimtazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomchoma.

"Nilihitaji mtu atakayenidanganya bila kusita. Jumapili moja nilikaa nyuma kanisani nikaangalia watu wote, kiti kwa kiti. Nikatafuta, nikatafuta." Sauti ikamkatika. "Nikakuona wewe unawachekesha watoto. Nikasema, huyu. Huyu hatashindwa."

Verlin alihisi masikio yakimwaka moto kwenye baridi ile. Maisha yake yote aliamini kwamba watu hawajui. Kumbe walijua, wakamsalimia hivyo hivyo, wakamletea chakula.

Aliingiza mkono kwenye koti, kwenye kitabu cha hundi. "Nitakulipa haki yako. Sasa hivi, yote. Nikope nilipe."

"Usithubutu!" Mama Opal alimshika kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa baridi, na vina nguvu. "Ukinilipa haki, linarudi. Litabingirika lenyewe hadi bandani. Verlin, mwanangu, nina miaka themanini na moja. Nimelala vizuri saa moja tu ya leo, hapa kitini, tangu ulipoondoka. Usinirudishie."

"Sasa mimi nifanye nini, mama?"

Alikuwa akilia sasa. "Baki mwongo. Kwa hili tu. Nakuomba."

Katika maisha yake Verlin alikuwa ameombwa ukweli na watu wengi, akawanyima kwa mzaha. Hili hakulijulia mzaha. Akautoa mkono kwenye koti, mtupu. Akambusu bibi kwenye paji la uso. Akashuka ngazi, akalifuata gari lake.

*

Alipofika kwake, Noreen mkewe alikuwa mlangoni, taulo begani, harufu ya nyama ya kuoka ikimpita kutoka jikoni.

"Mungu wangu, zambarau!" alisema. "Zuri hilo, mume wangu. Lakini mama wa watu… umempa bei nzuri, sivyo?"

Verlin alifungua mdomo.

Nyuma yake, juu ya tela, mwanga wa manjano uliwaka. Na watu elfu arobaini wakanyamaza kimya kwa pamoja, wapate kumsikia.