Risasi za Luhende

Pale mtaani kwao Kirumba, Bibi Paskazia alijulikana kwa kufua, na wala hakungoja asifiwe. "Nguo nikiifua mimi," aliwaambia majirani, "hata jua linaiangalia kwa aibu." Halafu akafikiri kidogo, maana nguo zenyewe zilikuwa kambani na kila mtu aliziona. Akaongeza, "Ila siku hizi linapita katikati."

Lilipita kweli. Kitenge chake cha kanisani kilikuwa na matundu kama chujio la chai. Mashuka yalitoboka. Suruali za mwanawe Luhende ndizo zilizozidi. Ukianika moja, hujui tundu la kuingiza mguu ni lipi.

Luhende alisema ni panya. Paskazia akaazima paka kwa jirani yake Bernadeta. Paka alikula dagaa wa nyumba ile mpaka akanenepa. Nguo ziliendelea kutoboka.

Luhende alinunua betri chakavu za magari, na kazi yote aliifanyia uani. Alimwaga maji ya betri kwenye mtaro unaoteremka kuelekea ziwani, karibu na kamba ya nguo. Kisha aliipasua betri kwa shoka, akayatoa ya ndani, akayayeyusha kwenye sufuria kuukuu. Alichopata alikiita chuma laini. Alikitumia kutengenezea vizito vya nyavu, akawauzia wavuvi wa soko la samaki la Mwaloni. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mama yake, na binti yake Queen wa miaka minne.

Queen alicheza hapo hapo uani. Siku hizo alilalamika tumbo, na ugali aliutazama tu. Bibi yake alimpa dawa ya minyoo. Akamnyima pipi. Akagombana na wote waliowahi kumpa pipi. Tumbo halikupoa.

Siku moja alikuja dada mmoja aliyevaa buti. Aliitwa Getruda, afisa mazingira wa kata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama unauza sabuni, ninayo."

"Siuzi sabuni, bibi. Tumeambiwa hapa kuna mtu anayeyusha risasi."

Paskazia alishika kifua. Risasi aliyoijua yeye ni ile inayotoka kwenye bunduki. Alijibu kwamba nyumba ile haina hata manati. Luhende alikuwa amekwenda Usagara kutafuta betri, kwa hiyo Getruda akaaga, akasema atarudi.

Paskazia hakumwambia mtu. Alimwambia Bernadeta tu. Bernadeta naye alimwambia mtu mmoja tu, ila mtu huyo alikuwa anauza samaki Mwaloni. Luhende aliporudi, wavuvi waliozoea kumsubiri walimpisha njia kwa heshima nyingi. Mmoja alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini kama bunduki zenyewe pia anazo.

Nyumbani mama yake alimshika mkono. "Baba, kama kuna kitu umefukia, kakifukue."

Luhende aliona jina lake linapotea hivi hivi. Kesho yake alijaza vizito kwenye kiroba, akaenda ofisi ya kata kujisafisha. Mama yake alimfuata nyuma, Queen mgongoni.

Alivimwaga vizito mezani, mbele ya Getruda na watu wote waliokuwa kwenye foleni.

"Watu wananisingizia risasi," alisema. "Haya, angalieni wenyewe. Mimi natengeneza vizito. Napasua betri, nayeyusha uani kwangu, kila siku ya Mungu. Risasi iko wapi hapo?"

Getruda aliokota kizito kimoja.

"Iko hapa, kaka. Hiki unachokiita chuma laini ndiyo risasi. Nilikuwa nakuja kuitafuta, nawe umeniletea mpaka mezani."

Foleni nzima ilicheka. Paskazia alishusha pumzi. "Kumbe si ya bunduki."

"Si ya bunduki, bibi. Lakini hii nayo inaumiza watu, tena polepole, bila kelele." Getruda aliwapa viti. Aliwaeleza kwamba risasi ikiyeyushwa hutoa moshi na vumbi. Vumbi hutua chini, kwenye vyombo, kwenye nguo. Mtoto akicheza hapo, kisha akaweka vidole mdomoni, risasi huingia kwenye damu. Humletea maumivu ya tumbo. Humkosesha hamu ya kula. Baadaye humfanya awe mzito wa kujifunza shuleni. Na mara nyingi huoni dalili yoyote mpaka damu ipimwe. Yale maji ya betri nayo ni asidi. Huchoma ngozi na kula nguo, na yakimwagwa mtaroni huishia ziwani.

"Kwa hiyo panya wetu ni huyu," alisema Paskazia, akimtazama mwanawe.

Luhende alitoa leseni yake ya biashara mfukoni. Getruda aliisoma, akamrudishia. Ilikuwa ya kununua vyuma chakavu. Betri chakavu ni taka hatarishi, alisema, nazo zina kibali chake, ambacho manispaa haitoi. Huombwa kwa mamlaka ya mazingira ya taifa. Kazi ya manispaa ni kukagua eneo na kuzuia biashara isiyofuata taratibu. Kuanzia siku hiyo, kupasua na kuyeyusha betri pale nyumbani ni marufuku.

"Ukinifungia, hawa watakula nini?" aliuliza Luhende.

Paskazia alifungua mdomo amtetee. Maneno alikuwa nayo mengi, na mengine makali. Lakini Queen alijikunja mgongoni, akasema, "Bibi, tumbo." Paskazia akaufunga mdomo. Alipoufungua tena alikuwa na swali moja.

"Mwanangu, mtoto huyu nimpeleke wapi akapimwe?"

Damu ya Queen ilikutwa na risasi. Daktari alisema dawa ya kwanza ni kumwondoa kwenye vumbi hilo, kumlisha vizuri, na kumrudisha apimwe tena. Paskazia hakulala tena nyumbani kwake. Alimchukua mjukuu wake wakahamia kwa Bernadeta, alikokutana tena na yule paka, aliyekuwa amerudishwa kwao bila kupenda.

Uani, chini ya usimamizi wa Getruda, udongo wa juu ulikwanguliwa ukapelekwa panapostahili, pamoja na sufuria. Luhende alikodi banda mbali na makazi ya watu, lenye paa na sakafu ya saruji. Aliomba kibali, akazungushwa, akarudi, akapata. Sasa betri hapasui. Huzipanga nzima, zikiwa wima, kwenye trei za plastiki, na Kunal, mfanyabiashara wa mjini mwenye kibali cha kuzisafirisha, huja kuzichukua kuzipeleka kiwandani. Wavuvi walipomlilia vizito aliwaambia wafunge mawe kama babu zao. Akitoka kazini huoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Queen alipimwa tena, risasi ikawa imepungua. Akaanza kudai ugali kabla haujaiva. Paskazia akarudi nyumbani, akarudi pia kwenye kamba yake ya nguo, na majirani wakarudi kusikiliza majisifu.

Siku ya ukaguzi Getruda alimkuta ameketi uani, kanga imefunika kiti chake, redio ikiongea pembeni. Alipita kila kona, akaridhika.

"Bibi, hakuna betri yoyote iliyobaki hapa?"

"Betri? Mwanangu, hapa hata ya tochi hutaipata."

Getruda aliitazama redio. Umeme ulikuwa umekatika Kirumba nzima tangu asubuhi. Aliaga tu, akasimama akingoja, maana Paskazia hakuwahi kumwacha mgeni aondoke bila kusindikizwa hadi barabarani.

"Leo magoti," alisema Paskazia.

"Pole, bibi. Nitasubiri yapoe."

Walitazamana. Redio ikasoma taarifa ya habari, ikamaliza. Mwisho Paskazia aliinuka, akatangulia kuelekea barabarani kwa haraka isiyo ya mtu wa magoti. Kanga ilianguka. Betri ya gari ikabaki imekaa pale, na waya wa redio juu yake.

Queen aliangalia sketi ya bibi yake kwa nyuma.

"Bibi," alisema, "jua linapita katikati."