Mshale Uliosimama Katikati

Kila alfajiri, kabla ya kushuka na kabichi kwenda soko la Chiang Mai, kazi ya Saithip ilikuwa kufungua boneti ya pikapu na kutazama maji ya rejeta kwenye chupa yake. Siku ile baridi ya mlimani ilimshinda. Akajikunyata garini, blanketi mpaka kidevuni.

"Umetazama maji, we mvivu?" shangazi yake, Bunsri, aliuliza.

"Yamejaa, shangazi."

Hakuona ubaya. Gari lilikuwa jipya, na mshale wa joto la injini haukuwahi kupita katikati.

Kabla ya mteremko kulikuwa na kilima; wakakipanda kwenye ukungu hadi Kona ya Harusi, ambako zamani basi la wasindikizaji wa harusi lilitumbukia bondeni. Bunsri akapiga honi mara tatu kuwaamkia wafu, kama afanyavyo kila dereva. Hakuna anayesimama pale.

Ndipo harufu ikaingia, tamu na nzito, kama sukari inayochemka. Kisha kitu kikaanza kunong'ona mbele ya miguu yao.

"Wanapika karamu yao," Bunsri alisema polepole. "Mshale uko katikati, na maji umeyatazama; gari ni zima. Ni wao. Usigeuke nyuma." Akakanyaga mafuta.

Saithip akavuta blanketi mpaka machoni. Lakini aliwaza ile chupa ya maji ambayo hakuitazama. Gari hili likifa, nyumba nzima italala njaa.

"Shangazi, simama. Nilikudanganya. Maji sikuyatazama."

"Hapa? Unajua hapa ni wapi?"

"Najua. Simama tu."

Boneti ilipofunguka, mvuke ukawafunika. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka, chupa tupu. Wakangoja injini ipoe, wamekaribiana, kando ya kibanda cha mizimu chenye chupa za soda nyekundu za sadaka. Bunsri akaufunga mpira, akajaza maji ya dumu la garini. Injini ikawaka.

"Mbona mshale haukusema?" Saithip aliuliza.

"Kidude chake hupima joto la maji. Maji yakikauka, hakina cha kupima. Na hata yakiwepo, waliounda magari ya siku hizi waliufanya utulie katikati, dereva asihangaike. Fundi alinieleza, ndiyo maana nikakupa wewe kazi ile. Mshale pekee nisingeuamini leo, mwanangu. Nilikuamini wewe. Kama si neno lako, ningejua ni rejeta tangu harufu ya kwanza. Ukisema umeona, uwe umeona."

Saithip akainamisha kichwa.

"Haya, nenda kibandani ukawaombe radhi. Tumewasingizia."

Akaenda, akakutanisha viganja mbele ya uso, akawaambia wafu ukweli wote.